Glasi ya Bwana Doili

Kisahani kilichofunika glasi hakikuwa kimesogea hata kidogo, lakini wiski iliyokuwa chini yake ilikuwa imepungua upana wa kidole.

Mbonile alikiinua, akatazama tena. Miaka kumi na moja ya kupika katika nyumba ya Bwana Keri, kwenye shamba la kahawa juu ya Iyula, ilikuwa imemfundisha kupima kwa macho, na macho yake hayakuwa na mzaha. Bwana Keri alikuwa barazani akiangalia ukungu, glasi yake mkononi. Hii nyingine ilikuwa ya Bwana Doili, na Bwana Doili alikuwa na wiki mbili kaburini.

Tuseme ukweli, Wazungu wale wawili walikuwa kichekesho. Keri alikuwa Mskoti, mwenye shamba. Doili alikuwa Mwairishi, fundi wa barabara ya Tunduma. Kila Jumamosi saa kumi, mashine ya kumenya kahawa ikishanyamaza, walikaa sebuleni kushindanisha wiski za kwao. Mbonile ndiye aliyezivika chupa soksi za sufu ili wasijue ipi ni ipi. Alifunika glasi kwa visahani harufu isitoroke, akaweka mkate mkavu wa kusafishia kinywa na jagi la maji. Walinusa weee, wakaonja, wakadondosha tone la maji, wakaonja tena. Keri alishikilia kwamba ya Uskoti ina moshi, na kinywaji kisicho na moshi ni chai ya wagonjwa. Doili alijibu kwamba ya Ayalandi imekenekwa kwa mvuke mara tatu, ndiyo maana ni laini, na kwamba ya Keri inanuka dawa ya vidonda; yeye moshi hakuutaka hata kuusikia. Akihitaji maji hakuita mtu. Aligonga glasi kwa ukucha, ti-ti, naye Mbonile akaja.

Kisha homa ya mkojo mweusi ikamchukua Doili kwa siku nne tu.

Jumamosi ya kwanza baada ya maziko, Keri alimimina wiski ya Ayalandi, akaiweka mbele ya kiti kitupu, akatoka kwenda kulia barazani, maana Mzungu naye hulia. Mbonile akabaki na kinywaji kilichowekwa mbele ya mgeni bila mtu kukionja. Kwa Wanyiha wa kwao hiyo ni aibu. Anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu, ndipo humwambia karibu. Na Doili hakuwa mtu wa hivi hivi kwake: mwanawe wa pekee, Enoka, alipokuwa akifa kwa homa, ni Doili aliyepita kwenye matope na pikipiki kumletea kwinini, ingawa haikufua dafu. Mbonile alimpenda mtu yule. Akaisahau sheria ya serikali iliyomkataza mtu mweusi kugusa pombe kali ya Wazungu, akainama, akalowesha ulimi.

"Karibu, mgeni," akasema polepole.

Alifanya hivyo kwa adabu tu, na adabu ndiyo iliyomponza.

Kuanzia siku aliyokuta wiski imepungua, moshi ulihamia kinywani mwake. Haukuwa moshi wa kuni, huo aliuzoea. Ulikuwa moshi wa udongo wenye maji uliochomwa, wa nchi asiyoijua. Alikula ugali, akaonja moshi. Alisukutua kwa maji ya chumvi, moshi ukabaki palepale. Jumatano mchana, Keri akiwa shambani na nyumba ikiwa tupu, glasi ikagongwa sebuleni, ti-ti. Miguu yake ilikwenda na jagi kabla akili haijauliza inakwenda kwa nani.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, jagi mkononi, Keri akinusa glasi yake upande wa pili wa meza, mwanga wa saa kumi ukiingia dirishani mweupe kwa ukungu, alipoona mto wa kiti unabonyea taratibu kama unavyobonyea mtu mzito akikaa, kisha akasikia koo likimeza, glu, glu, karibu na tumbo lake, na kabla hajarudi nyuma mdomo wake mwenyewe ukafunguka na sauti isiyo yake ikatoka, Kiingereza safi ambacho yeye hakuwahi kukitamka, ikiisifu wiski ya Uskoti na kuidharau ya Ayalandi, ikaendelea mpaka machozi yakamtiririka na taya zikamuuma, na hakuweza kuufunga.

Keri hakushtuka. Alicheka kwa furaha, akaijaza glasi ya pili, akamwambia Mbonile kwamba sasa nyumba imerudi kuwa nyumba, na kwamba asithubutu kwenda popote.

Mbonile aliogopa, naam, lakini hofu yake kubwa ilikuwa huko nyumbani. Mkewe, Nesta, alikuwa na mimba ya miezi saba. Tangu wamzike Enoka, hii ndiyo iliyokuwa imemrudishia mwanamke yule kicheko. Walikuwa wamekubaliana: kahawa ikiisha kuchumwa, Mbonile anaacha kazi na kurudi, mtoto azaliwe baba yake akiwapo.

Akamtumia habari Roda, mganga mwanamke aliyeolewa Iyula kutoka upande wa Chitete. Kanisani Roda alikaa benchi la mbele, na mizizi yake aliificha chini ya kapu la mayai. Alifika jikoni kama muuza mayai, akamnusa Mbonile kinywa, akakunja uso.

"Ulimkaribisha kwa jina?" akanong'ona.

"Nilisema karibu, mgeni."

"Basi amekuja mgeni. Doili wako angekuja na moshi aliokuwa akiukataa? Watu wa pwani wangekwambia hilo ni jini, lilikuwa likipita, likakuta mlango wazi."

"Mfukuze, Bibi."

"Mimi nafukuza mwizi, mwanangu. Mgeni uliyemwonjea mwenyewe sina dawa yake. Atakufuata uendako, mpaka ulimi wa mtu mwingine uguse kinywaji kilicholetwa kwa ajili yako. Hapo atahama, awe wa huyo."

Akachukua mayai yake na kuondoka bila kudai chochote, na hilo lilimtisha Mbonile kuliko maneno yake.

Siku hiyohiyo alimimina wiski katika glasi ya Doili, akamsogezea Keri, akamwambia hii ameletewa yeye mpishi, Bwana aionje kwanza. Alijiona mchafu kwa kusema hivyo, lakini alisema. Keri aliitambua glasi, akairudisha kwa ncha ya kidole. Kwao, alisema, glasi ya marehemu haiguswi na mtu.

Mbonile angemgeukia nani tena? Mtunza bustani alikuwa na watoto sita. Na kurudi nyumbani ndiko kusikowezekana kabisa, kwani ni mke gani wa Kinyiha anayempa mumewe kibuyu bila kukionja? Akamtumia Nesta ujumbe kwamba kazi haijaisha. Akatuma wa pili, kisha wa tatu. Wachumaji walikwenda zao, yeye akabaki akijibu ukucha, ti-ti, asubuhi, mchana na jioni.

Nesta akaja mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa jiko, tumbo limeshuka, kibuyu cha pombe ya ulezi kichwani, miguu imevimba kwa safari.

"Baba Enoka," alisema, "kahawa imekwisha wiki tatu. Nimepika hii ya kukupokelea. Kama huji, basi nimekuletea."

Akamimina kwenye kata, akaiinua mdomoni mwake kama ilivyo desturi. Sebuleni ukucha ukaanza kugonga mbio mbio, bila kupumzika, kwa uchu, na Mbonile akaipiga ile kata kwa kiganja, ikaruka, pombe ikammwagikia Nesta mkononi na kifuani.

Mume anayemwaga pombe ya mkewe amemwacha. Hakuna Mnyiha asiyelijua hilo.

"Nenda," Mbonile alisema. "Sirudi."

Nesta aliokota kata, akajitwika kibuyu, akashuka kati ya mistari ya mibuni. Mbonile alimsindikiza kwa macho, akimshukuru Mungu kwa kila hatua iliyomweka mbali. Alipofika mwisho wa mstari, Nesta aliinua mkono uliolowa, na kwa kuwa ulezi ule alikuwa ameulima, akaupepeta na kuusaga yeye, akaulamba mpaka kwenye kiwiko.

Kinywa cha Mbonile kikawa chepesi. Alimeza mate, akayakuta ni mate tu. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya.

Alikimbia na aproni yake, akiliita jina la mkewe kwa kelele, akianguka, akiinuka. Nesta hakugeuka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa njia, kama mtu anayempisha mwenzake watembee sambamba, na Mbonile alimsikia akimwambia huyo aliye kando yake, kwa sauti ileile ya upole anayowapokelea wageni, kwamba asichoke, nyumbani si mbali.