Tundu la Zohali

Msumari ulitoka kwenye kitambaa umelowa wekundu.

Mativo aliufuta kwenye suruali akatoboa nyota nyingine. Kutu tu, alijiambia. Mtu aliyezunguka na digrii ya fizikia miaka mitatu, akijibiwa "no vacancy" na makarani waliofeli hesabu, aogope msumari? Ilikuwa Februari 1980, wiki ya jua kupatwa, na afisa mmoja mwenye tumbo alikuwa ameahidi: nitengenezee maonyesho ya anga hapo social hall ya Pumwani, wananchi washike kwa mikono yao, na kazi ni yako.

Basi akafunga pedali ya baiskeli. Ukizungusha, mipira ya rangi inaizunguka balbu kama sayari. Nyuma ya kitambaa cheusi akawasha taa, kila tundu likawa nyota. Tundu kubwa lilikuwa la kuchungulia Zohali na pete yake ya bati.

Kitambaa kilitoka kwenye sanduku la stoo. "Chukua tu, bosi," mlinzi Munyoki alimwambia. "Ni ya wamama wa ngoma. Imelala hapo tangu zamani."

Yeye na Mativo, Wakamba wawili wa kanisani, wangejuaje? Kitambaa kile jini alipewa kwenye ngoma ya pepo ili atoke kichwani mwa mwanamke, na tangu siku hiyo kilikuwa nyumba yake.

Saa nne asubuhi ukumbi ulinuka udi, kisha ukanuka bucha. Mbeti, dada yake, aliyekuwa akipiga pindo, aliacha cherehani.

"Kaka," alinong'ona, "mbona unanichoma?"

"Nimekugusa saa ngapi?"

Akainua mkono, na Mativo akaona matundu ya msumari yamepangika toka kiganjani hadi begani kama nyota zake mwenyewe, kila moja likichuruzika damu, na kabla hajamfikia, kitu kilimnyanyua msichana kikampiga ukutani, kikamrudisha, kikampiga tena, huku mdomoni mwake mzee asiyeonekana akikoroma kwa hasira.

Munyoki alikimbia mtaa wa Majengo akarudi na Mzee Salad, mganga, ambaye aliingia kandambili mkononi.

"Nani amemtoboa mwenye nyumba?"

"Mzee, hii ni sayansi…"

"Sayansi ya mamako! Shona. Kila tundu la nguo ukiziba, la mwilini mwake linafunga. Ukiacha moja, huyu msichana amekwenda."

Mativo akashona. Nyota zilizimika moja moja, na mkononi mwa Mbeti vidonda vikafumba. Likabaki la Zohali tu. Na kooni mwa dada yake, tundu la upana wa kidole gumba, likipiga mluzi kila alipohema.

Mlango ukasukumwa.

"Mativo! Wageni wako nje. Where are my stars?" Alikuwa afisa, na tai yake nyekundu.

"Bwana, tafadhali usikaribie."

"Unanipigia kelele mimi? Na kazi unaitaka!" Akamsukuma kando, akainama, akatia jicho tunduni. "Aa! Pete naiona, kumbe wewe si mjinga kama—"

Kitambaa kilimvuta uso. Kilimkaza kama ngozi ya ngoma, akapiga mateke, pedali ikang'oka, sayari zikabingirika sakafuni, naye akilia kwa sauti ya mtoto kwamba kuna kidole, jamani, kuna kidole ndani ya jicho. Mbeti akageuka rangi ya majivu. Mluzi ukakatika.

"Shona!" Mzee Salad alinguruma.

"Jicho lake limo humo!"

"Basi mchague wa kuzika!"

Mativo aliutazama ule mkono mnene uliokuwa umsainie barua ya kazi, ukikwaruza hewa. Akaweka goti mgongoni kwa bwana mkubwa, akamshika kisogo, akasukuma sindano.

Afisa alipiga yowe lililotoa watu mbio mpaka barabarani.

Mbeti akavuta pumzi. Mativo akavuta uzi.