Vijidudu Ndani ya Kisanduku cha Fuwele

Wewe ungemshuku nani, kitu kikipotea kwenye chumba chenye funguo mbili tu? Usijibu haraka. Tazama kwanza.

Jumanne asubuhi, pale Igogo, kwenye maabara ndogo ya fizikia inayotazama ziwa, Gladness Shigela alifungua kisanduku cheusi akakuta kitupu. Fuwele haimo! Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, ikilazwa juu ya kitambaa laini kama mtoto mchanga, gizani siku zote. Ilikuzwa kwenye tanuri, polepole, kwa miezi mingi.

Ya nini? Wanasayansi wanasema angani kuna maada giza: haing'ai wala haizuii mwanga, ila inajulikana kwa jinsi inavyozivuta nyota. Kuna hesabu iliyofanywa hapo maabara, inayoonyesha kwamba chembe ya maada hiyo ikipita ndani ya fuwele ya aina hii, elektroni zake zitatikisika zote pamoja, kama kwaya inavyoitikia. Saa nne wageni walikuwa wanakuja kuijaribu fuwele na kumchagua kiongozi wa mradi.

"Ni huyu!" Dokta Chenge, mkuu wa maabara na mwalimu wa Gladness, alimwambia Inspekta Shamsa Jumbe. "Funguo tunazo mimi na yeye. Mimi jana saa kumi nilitundika koti langu pale msumarini, nikaenda zangu. Sijarudi mpaka leo."

"Na wewe binti?"

"Niliondoka kabla yake, afande. Nilikuwa mazoezi ya kwaya, Mabatini."

Shamsa akampigia simu Rose, mwalimu wa kwaya. Ni kweli, Gladness alikuwa naye mpaka usiku.

Akaitwa Yakobo, mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Jana jioni hukuona mtu?"

"Marahaba. Ningeona nini, mwanangu? Magharibi lile wingu la vijidudu lilitoka ziwani, la kwanza mwaka huu. Nilizima taa, nikajifungia kibandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Au ulitaka nivile?"

"Wengine huvipika."

"Wenye meno!" alisema Yakobo, akacheka na mapengo yake.

Gladness akaleta chai. Kila mtu alichukua kikombe isipokuwa Chenge. Chupa yake mwenyewe ilikuwa mezani kwake, imekazwa kifuniko.

"Hunywi, Dokta?" aliuliza Shamsa.

"Nimefunga."

"Umefunga, na chupa ya chai umekuja nayo? Haya."

Shamsa akarudi kwenye kisanduku. Alikunjua kitambaa taratibu, kunjo kwa kunjo. Katikati ya makunjo kulikuwa na vijidudu vya ziwani, vimekufa, mabawa yamegandamana. Akaenda msumarini, akageuza mfuko wa koti jeupe la Chenge. Vikamwagika vingine kiganjani.

"Mzee Yakobo, wingu likija watu wa Igogo hufanyaje?"

"Taa zote zinazimwa, madirisha yanafungwa, sufuria zinafunikwa. Hata mtoto anajua. Ukiwasha hata tochi ya simu, umevialika."

"Dokta Chenge, wewe umehamia hapa lini?"

"Mwaka huu. Kwetu ni Magu, kule ndani, kwenye pamba. Kwani vipi?"

"Kisanduku hiki kilifunguliwa magharibi, wingu likipita, na aliyekifungua aliwasha taa. Mtu wa Igogo asingethubutu. Gladness amezaliwa hapa, na alikuwa Mabatini. Koti unasema ulilivua saa kumi. Sasa vijidudu vya magharibi vimeingiaje mfukoni?"

Chenge aliivuta chupa yake karibu.

Shamsa akaichukua ile chupa. Haikuwa na uzito wa chai. Akafungua kifuniko: pamba tupu, nyeupe, na katikati ya pamba, fuwele.

Chenge akakaa kitini kama gunia lililomwagika. "Wageni nilishawaandikia kwamba nimeikuza mimi," alisema. "Leo wangeniambia niwaonyeshe inavyokuzwa. Mimi tanuri lile hata kuliwasha sijui. Ikiibwa, nani ataniuliza?"

"Na binti wa watu aende jela?"

Askari wakamtoa.

Saa nne wageni, Profesa Malimi na wenzake, wakaingia. Gladness akaiweka fuwele kwenye mtambo wa kuipoza, akapitisha mawimbi ya majaribio. Mchoro kwenye kioo ulilala, ukalala, kisha ukapanda mara moja, safi, mahali pale pale hesabu iliposema. Wageni wakasimama. Yakobo, aliyechungulia dirishani, akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza Profesa.

Miezi yote hiyo Gladness alikuwa akiulizwa hivyo, na kila mara aliinamisha macho, akamwachia Chenge, mwalimu wake, ajibu. Akatazama kile kiti kitupu cha Chenge. Kisha akamtazama Profesa usoni.

"Yangu," alisema. "Hesabu ni yangu, fuwele nimeikuza mimi, na mradi huu nataka kuuongoza mimi."