Kitambaa cha Inchi Nane

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Umeme alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya nguo chini ya cherehani, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kumtungia mama yake uzi sindanoni, maana macho ya mama yalikuwa yameanza kugombana na vitu vidogo. Mama alikuwa fundi wa kushona. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, na wateja waliingia humo hata kabla chai haijachemka.

Jina la Umeme alilipata darasa la tatu, siku alipomshinda mbio mbwa wa muuza nyama huku amebeba kapu la vitunguu kichwani, na kisidondoke kitunguu hata kimoja. Sasa alikuwa darasa la sita, mshambuliaji wa timu ya wasichana, na mabao yake yalikuwa mengi kuliko ya wote. Wiki ile nahodha wao alikuwa amehama na wazazi wake. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye kocha wao, alitangaza kwamba nahodha mpya atachaguliwa Ijumaa, na Jumamosi watacheza na shule ya ng'ambo ya daraja.

Jumatano asubuhi, nesi mmoja wa pale mtaani alikuwa amesimama katikati ya chumba anapimwa sketi nyekundu.

"Nasikia Jumamosi kuna mechi," nesi akasema. "Na kapteni wenu si amehama? Sasa nani?"

"Ni mimi," Umeme akajibu.

Alitaka kusema "huenda nikawa mimi." Lile "huenda" sijui lilibaki wapi. Mguu wa mama ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Wewe? Na mimi mama yako hukuniambia?"

"Nilitaka... nilitaka nikushtukize, mama."

Hapo ndipo angeweza kujirudi. Lakini mama alikuwa ameshapiga kigelegele, tena akiwa na pini mbili midomoni. Nesi akamshika bega kwa hofu. "Dada, utazimeza hizo! Na leo mimi sina zamu!"

"Lete mkono," mama akasema, akizitema pini kiganjani. Akazungusha futi ya kupimia. "Inchi nane! Huu ni mkono au mpini wa mwiko?" Akachukua kipande kilichobaki kwenye sketi ya nesi, na kwa kuwa lastiki ilikuwa imekwisha, akakishona kikae sawasawa na mkono ule, si zaidi si pungufu. Juu yake akatia herufi K kwa uzi mweupe. Umeme alikwenda shule na kitambaa cha nahodha mfukoni, siku mbili kabla ya nahodha kuchaguliwa.

Jioni aliporudi, mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza nyama aliweka kisu chini, akasimama wima, akampigia saluti. Kinyozi alimwacha mteja na nusu kichwa, akatoka mlangoni na mashine mkononi. "Kapteni! Jumamosi tunakuja wote!" Umeme akapunga mkono na kutabasamu. Akajituliza: bado siku mbili. Nikichaguliwa, uongo unageuka kuwa kweli, na nani atajua?

Kumsaidia alikuwepo Redio, winga wa kushoto, rafiki yake wa dawati moja, mtoto aliyeweza kuzungumza huku anakunywa maji. Alhamisi wakati wa mapumziko, Redio alizunguka uwanja mzima.

"Kapteni ni mtu wa mabao, jamani! Mnataka nani, Tulia? Huyo atawabembeleza wapinzani mpaka walale!"

Tulia alikuwa beki wa kati, binti wa mwashi. Kila jioni alimsaidia baba yake kupanga matofali, na jina lilitokana na neno alilolisema mara nyingi kuliko yote: "Tulia, tulia kwanza." Yeye ndiye aliyefika uwanjani wa kwanza, akajaza mpira upepo, akaziba matundu ya wavu kwa kamba, akahesabu jezi. Hakuna aliyemshukuru. Watu waliona kama vile mpira hujijaza wenyewe.

Jioni hiyo mwalimu aliwapa mechi ya mazoezi dhidi ya wavulana wa darasa la saba. "Leo hakuna nahodha," akasema. "Chezeni tu. Mimi nitakaa pembeni na macho yangu."

Robo saa haikuisha, wakawa wamefungwa mawili. La pili ndilo lililouma. Punje, msichana wa darasa la tano, mdogo kuliko wote na beki wa kulia, aliupiga teke mpira, akaukosa, akapiga upepo. Akaanguka kitako. Mvulana mwembamba akapita na mpira hadi wavuni, na wenzake wakacheka wakishika magoti.

Umeme alitoka mbele kabisa mbio hadi nyuma. "Punje! Umekuja kucheza au kuchuma maua? Ona sasa! Ona!"

Mdomo wa Punje ukaanza kutetemeka. Umeme akabaki amesimama pale, mikono kiunoni, na ghafla hakujua aseme nini tena wala afanye nini.

Tulia akafika na mpira kwapani. Akamwinua Punje, akampangusa vumbi. "Tulia. Goli limeshaingia, halitatoka kwa machozi. Wewe mbane yule mwembamba, usimwachie nafasi. Akikupita, mimi niko nyuma yako. Umeme, rudi mbele mwenzangu, mpira tutakuletea."

Na waliuleta. Kipindi cha pili, Punje akamnyang'anya yule mwembamba mpira, naye akageuka huku na huku kama aliyeibiwa kofia. Ukaenda kwa Tulia, ukaenda kwa Redio, ukamkuta Umeme: bao! Dakika za mwisho Umeme akafunga tena. Mbili kwa mbili. Wavulana wakaondoka wakisema uwanja una mashimo. Wasichana wakambeba Umeme juu juu wakiimba, na Redio akapiga kelele, "Kesho ni kuapishwa tu!"

Ijumaa baada ya masomo, wachezaji wote kumi na wanne walikaa darasani. Mwalimu akagawa vikaratasi.

"Sikilizeni vizuri," akasema. "Msiandike mnayempenda. Msiandike mfungaji bora, huyo tunamjua, mabao yake yanahesabika. Jana mlipofungwa bao la pili, kila mmoja wenu aligeuza shingo akamtazama mtu. Mimi nilikuwa pembeni, niliziona hizo shingo. Andika jina la mtu uliyemtazama."

Redio akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kama nilitazama chini?"

"Andika 'chini', niipe ardhi unahodha."

Darasa zima likacheka. Umeme hakucheka. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine ulikuwa mfukoni unapapasa ile K ya uzi mweupe. Alikumbuka alivyosimama mbele ya Punje, maneno yamemwishia. Na shingo yake? Iligeuka. Iligeuka kumtafuta Tulia, hata kabla Tulia hajafika.

Akiandika hivyo, leo jioni mtaa mzima utajua kwamba alidanganya. Akiandika jina lake mwenyewe, atakuwa amedanganya mara ya pili. Ule uongo wa kwanza ulimponyoka mdomoni. Huu angeuandika kwa mkono wake, tena taratibu, herufi kwa herufi.

Akaandika "Tulia", akakunja karatasi mara nne.

Mwalimu akaanza kusoma. "Tulia. Tulia. Tulia. Umeme. Tulia. Tulia. Punje..." Hapo watu wakatazamana. Akaendelea mpaka mwisho. Tulia alipata kumi na mbili, Umeme moja, Punje moja. Makofi yakalipuka, madawati yakapigwa kama ngoma, na Tulia akaziba uso kwa viganja vyote viwili.

Umeme akamgeukia Redio kumshukuru kwa ile kura moja.

"Usinitazame hivyo," Redio akanong'ona. "Kampeni nilikufanyia kwa moyo wote. Lakini shingo ni shingo."

"Nani aliyeandika Punje?" mwalimu akauliza.

"Mimi," akasema Tulia. "Nilimtazama Punje. Si ndiye aliyekuwa chini?"

"Na Umeme?"

Kisha mkono mdogo ukapanda polepole. "Mimi, mwalimu," akasema Punje. "Nilimtazama Umeme. Nilitaka kuona kama anakuja kunigombeza."

Umeme alihisi uso unawaka moto. Kura yake moja peke yake, na ilikuwa kura ya woga! Wenzake walipoanza kutoka, alimfuata Punje mpaka mlangoni. "Punje, mdogo wangu, nisamehe. Na mimi pia nimewahi kupiga upepo. Muulize Redio, siku ile kiatu changu kiliingia golini, mpira ukabaki."

Punje akacheka mpaka pengo la jino likaonekana. Hilo moja likawa limekwisha. Lililobaki lilikuwa nyumbani.

Mama alikuwa anapiga pasi ile sketi nyekundu. Umeme akaweka kitambaa mezani, akaeleza yote bila kupumzika, tangu "ni mimi" ya Jumatano mpaka kura kumi na mbili. Mama akaisimamisha pasi pembeni.

"Nesi amebadilishana zamu ili aje kukutazama."

"Najua, mama."

"Muuza nyama anafunga duka."

"Najua."

Mama akachukua wembe wa kufumulia, akamwekea mkononi. "Ulikishona kwa mdomo, utakifumua kwa mkono. Lakini kwanza nenda kwa nesi, kwa muuza nyama na kwa kinyozi. Uwaambie wewe mwenyewe, mimi sitakusemea."

Safari ile ya mtaa mmoja ilikuwa ndefu kuliko uwanja wote wa mpira. Nesi alimsikiliza, akamshika kidevu, akasema atakuja vilevile, kwani miguu ya Umeme haikusema uongo. Kinyozi akashika kichwa. "Mimi nimemwacha mteja na nusu kichwa kwa ajili yako! Mpaka leo nikipita kwake anavaa kofia!" Muuza nyama alikunja uso, akafikiri. "Basi saluti yangu unirudishie." Umeme akasimama wima, akampigia saluti ya nguvu, na mzee akaangua kicheko mpaka mbwa wake akabweka.

Kutoka hapo akaenda kwa mwashi na futi ya kupimia shingoni.

"Lete mkono, kapteni," akamwambia Tulia, akitoa kile kitambaa mfukoni. Akapima. Akapima tena. "Inchi kumi na nusu! Mwenzangu, huu si mkono, ni mwamba wa goli."

"Ni matofali," Tulia akasema. "Lakini ngoja. Kura tumepiga leo. Hicho kitambaa kilishonwa lini?"

Umeme akavuta pumzi, akamweleza. Tulia akacheka, akacheka, mpaka akakaa juu ya rundo la matofali huku ameshika mbavu.

"Tulia, basi," akasema Umeme, naye sasa anacheka. "Tulia kwanza, watu wanatusikia!"

Jioni ile Umeme alikaa kwenye cherehani. Akafumua mshono, akatafuta kitambaa chekundu cha kuongezea, hakikuwepo. Akaunga kipande cha bluu, inchi mbili na nusu. Mshono ulipinda kama njia ya mbuzi.

"Unirekebishie, mama?"

"Hapana. Uache hivyohivyo. Ni kazi yako, watu waione."

Jumamosi uwanja ulijaa. Tulia aliingia wa kwanza na kitambaa cha rangi mbili mkononi, kimemkaa barabara. Shule ya ng'ambo ya daraja walikuwa na miguu myepesi, wakatangulia kufunga. Safari hii Umeme hakukimbilia nyuma kupiga kelele. Alipiga makofi tu. "Haya, Punje! Bado mapema!" Redio akasawazisha kwa kichwa, ingawa baadaye alikiri alikuwa amefumba macho. Na zikiwa zimebaki dakika tano, Punje aliunasa mpira miguuni mwa adui, akainua kichwa, akautuma mrefu mbele. Umeme akauwahi. Wavu ukatikisika, na tundu moja alilokuwa amelisahau Tulia likafunguka, mpira ukatoka nje na kumgonga kinyozi.

Baada ya filimbi ya mwisho, mwalimu, aliyekwisha kusikia yote kutoka kwa Umeme mwenyewe, aliwakusanya, na wazazi wakasogea kusikia.

"Mfungaji nampata kwa kuhesabu mabao," akasema. "Hiyo ni hesabu rahisi. Nahodha nampata kwa kuona wenzake wanamgeukia nani mambo yakiharibika. Cheo cha namna hiyo mtu hajipimii mwenyewe, hupimiwa na wenzake. Na ukikosea ukajipimia, fanya kama alivyofanya mwenzenu huyu: sema kweli, shika wembe, fumua, anza upya. Si aibu. Aibu ni kuvaa kisicho chako."

Mama wa Umeme akamgeukia nesi, akanyoosha kidole kwenye kitambaa. "Umeuona huo mshono uliopinda? Ni wa mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari kuliko ile ya Jumatano.

Njiani kurudi, Punje alimshika Umeme mkono.

"Leo nilikutazama tena," akasema.

Umeme akashtuka kidogo. "Kuona kama nimekasirika?"

"Hapana," akasema Punje. "Nilikuwa natafuta wa kumpa pasi."