Rekodi za Kellen

"Kaa na faranga zako elfu arobaini, Mugenzi! Ndiyo fidia ya sauti ya mwanangu hiyo?"

Rafiki yangu Mugenzi, fundi wa mtaa wa Kagarama aliyejifunza kompyuta mwenyewe, hakumficha mama huyo kitu. Mashine yake, kila ikiwaka, huitengenezea diski isiyosomeka mfumo mpya wa mafaili na kuupanua mpaka uijaze yote, ukifuta kila kilichokuwemo. Mama alipomletea diski mbovu yenye sauti ya mwanawe, alisahau kuizuia mashine hiyo. Rekodi za marehemu Kellen zikafutika.

"Tazama mwenyewe, Mama Kellen. Iko tupu."

Mugenzi alipoiwasha tu mashine, umeme ukakatika. Gizani mama akalia kwa kwikwi, na ndani ya mashine iliyozimika diski ikaendelea kukwaruza. Kisha sauti ya mtoto ikasema taratibu:

"Fundi, nirudishie sauti yangu."