Njia ya Tatu ya Kaseti

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2002, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Hilda Mbwambo alifungua kabati la mitambo katika ofisi ya karani wa mahakama moja mjini Moshi, ambayo jina lake tuliache. Alivaa hedifoni, akabonyeza kitufe, akasubiri sauti ya Mzee Ndelilio. Haikuja.

Kaseti ilikuwepo na mashine ilikuwa nzima. Hilda ndiye aliyeichora mitambo ile na kuifunga kwa mikono yake: vipaza sauti vinne, kila kimoja na njia yake ndani ya kaseti. Njia ya kwanza ya hakimu, ya pili ya shahidi, ya tatu ya mkalimani, ya nne ya wadaawa. Tatu zilisikika vizuri. Ya pili ilikuwa kimya mwanzo hadi mwisho, na mwenye sauti yake alikuwa amezikwa jana huko Machame.

Saa tatu akafika Inspekta Wenseslaus Tarimo, mtu wa Rombo, mrefu, asiyejua kutabasamu. Mlangoni alipokewa na Jovin, mkalimani wa mahakama. Kumbe wote wawili ni watu wa Mashati, wakasalimiana kwa Kirombo na kuulizana habari za nyumbani. Salamu ziliishia hapo.

"Shikamoo, Inspekta," Hilda alisema.

Hakuitikia. "Nani anajua kufuta hii?"

"Mimi. Na wawili niliowafundisha: mama Tabitha, karani, na Jovin."

"Basi nitaanza na wewe."

"Nilisema tangu mwanzo," alidakia hakimu, aliyekuwa amesimama nyuma yao. "Miaka yote nimeandika kwa kalamu, na kalamu yangu haijawahi kufutika. Wametuletea mashine, na Mpare wa kuziendesha!"

Kesi yenyewe ilikuwa ya kihamba, shamba la ukoo la migomba. Eliona, mjane wa Machame, alishitakiwa na shemeji yake, Godlove, aliyedai kuwa marehemu kaka yake alikabidhiwa kihamba akitunze tu, hakupewa. Hukumu ilikuwa kesho yake. Eliona akishindwa, angefukuzwa pamoja na ng'ombe wake wawili, amwache mumewe kaburini kwenye shamba la mtu mwingine.

Shahidi pekee aliyebaki hai alikuwa Mzee Ndelilio. Jumanne ya wiki iliyopita aliletwa akiwa ameshikwa mikono, akaongea Kichagga. Mvua ilipiga mabati, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, kwenye mabenchi hapakusikika kitu. Kwa kuwa masikio ya mzee nayo yalikuwa mazito, hakimu aliamuru Jovin asogeze kiti na kipaza sauti chake hadi ubavuni mwa mzee. Hilda akasimama kupinga, akisema vipaza sauti vikikaribiana hivyo mchoro wake hauna maana. Akaambiwa akae, anyamaze.

Kwa mdomo wa Jovin, mzee akasema Godlove ana haki. Eliona hakuamini masikio yake. Aliomba kaseti isikilizwe na mkalimani mwingine kabla ya hukumu, na hakimu, kwa shingo upande, akakubali iwe Alhamisi. Jumamosi mzee akafariki.

Godlove alihojiwa kwanza, koti la msiba bado mwilini.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mazishini tangu asubuhi. Nimebeba jeneza. Machame nzima imeniona. Na mzee alinitetea, sasa nifute nini?"

"Sauti yake imefutwa, tafsiri inayokutetea imeachwa. Hilo halikushangazi?"

"Mimi namshukuru Mungu, sishangai."

Mtu huyu alichukiza, lakini kuchukiza si kosa la jinai. Inspekta akamgeukia Hilda.

"Na wewe?"

"Asubuhi nilipita hapa, kisha karakana kwangu, Njoro. Peke yangu."

"Peke yake!" Tabitha alicheka. "Mpare na kesi ni chanda na pete. Mfunge tu."

"Nifunge, lakini nisikilize kwanza," Hilda alisema, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Kufuta njia moja si kukata waya. Unachomoa kipaza sauti, unabonyeza kurekodi kwenye njia hiyo peke yake, kisha unaiacha kaseti izunguke. Ushahidi ule ni dakika arobaini na saba. Jana saa nne asubuhi niliujaribu, ukasikika. Baada ya hapo kuna mtu amekaa humu dakika arobaini na saba."

Inspekta akaandika. "Mama Tabitha, jana uliondoka humu?"

"Saa ya chakula tu. Saa saba hadi saa nane."

"Ofisi ulimwachia nani?"

"Jovin. Alijitolea mwenyewe kupokea simu."

"Nilitoka mara mbili," Jovin alisema haraka. "Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuingia yeyote."

Inspekta alimtazama mtu wa kwao, akaliandika na hilo. Walipobaki wawili alimuuliza Hilda, "Kwa nini ulipinga vipaza sauti kukaribiana?"

"Kwa sababu kimoja kingeweza kunasa..." Hilda hakumaliza. Aliirudisha kaseti mwanzo, akafungua njia ya tatu, akapandisha sauti hadi mwisho. Mvua ilinguruma. Jovin alipokuwa kimya akisubiri zamu yake, chini ya mvua ile palikuwa na mzee anaongea.

Inspekta alisikiliza dakika tano, akavua hedifoni polepole. "Waite wote. Saa tisa, ukumbini."

Saa tisa sauti ya marehemu ilitoka kwenye spika za ukutani. Eliona alijishika kifua. Godlove alikodoa macho, akasimama. Inspekta akamwashiria Hilda aisimamishe kaseti hapo.

"Jovin, tutafsirie."

Jovin alilamba midomo. "Nilishatafsiri. Imo kwenye jalada."

"Tafsiri tena. Kasema nini?"

Jovin alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Basi niseme mimi," Inspekta alisema. "Sijaambulia kitu. Hicho ni Kimachame. Mimi ni mtoto wa Mashati, nimezeeka nikisikia Kirombo, na hapo nimepata 'kihamba' na majina ya watu, basi. Wewe mwenzangu uliambulia nini?"

"Kichagga ni Kichagga," Jovin alinong'ona.

"Kichagga ni Kichagga!" Tabitha aliruka kutoka kitini. "Miaka kumi na tisa nimemwambia kila hakimu hapa kuwa mimi ndiye Mmachame, naambiwa nirudi kwenye mafaili! Mama Hilda, hebu rudisha nyuma."

Akatafsiri. "Anasema: 'Kihamba alipewa mume wa Eliona. Nilikuwepo. Masale ya mpaka tuliyapanda mimi na baba yake. Mtoto wa watu asinyang'anywe.'"

"Sauti ya maiti si ushahidi!" Godlove alifoka.

"Kaa chini!" hakimu alifoka zaidi. "Hukumu ya kesho haisomwi."

Jovin alianza kulia. Mwaka 1983, alisema, aliulizwa kama anajua Kichagga, akajibu ndiyo. Nani angekataa kazi? Wa Rombo aliwaelewa. Wengine wengi walichanganya na Kiswahili, akabahatisha. Kwa mzee huyu alifungua jalada, hati ya madai ya Godlove ilikuwa juu, akajaza kutoka humo; kaseti ilipotakiwa kusikilizwa na mkalimani mwingine, akaifuta sauti ya mzee.

"Godlove hakunipa hata soda. Niliona aibu tu kusema sielewi."

"Kuuliza si ujinga," Inspekta alisema, akitoa pingu. "Mficha uchi hazai, Jovin. Umefungisha watu wangapi kwa aibu yako?"

Hakimu aliinamia kalamu yake na hakuinua uso. Inspekta alipopita kwa Hilda alisimama kidogo.

"Marahaba," alisema, akaenda zake.

Eliona alikuwa bado ameketi. Hilda alimwambia ameshinda, afurahi.

"Nifurahi nini, mwanangu? Nilimwita mzee mnafiki mbele ya wajukuu zake. Jana jeneza lilipopita nilikuwa nakamua ng'ombe, na sikusimama."

Jioni ile, kabla hata ya kuingia nyumbani, alikwenda mpakani kwenye masale aliyoyapanda mzee na kukata jani moja, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi huwezi kumkatalia. Alilifunga fundo, akalipeleka kaburini kwa Mzee Ndelilio. Aliliweka juu ya udongo mbichi, akakaa pale akisubiri, ingawa alijua fika hakuna wa kulipokea.