Kidole Gumba cha Verlin

Haya yalimpata rafiki yangu Verlin, fundi wa hapa Toledo, na tangu siku ile sili naye sahani moja. Alikuwa anafufua gari lake la zamani, Chevelle ya mwaka sabini. Nilimwambia anunue injini mpya.

"Nimvishe bibi wigi?" alinibeza. Alitaka ya mwaka uleule wa gari, ndiyo maana akaenda kwa mzee Orrin, muuza injini kuukuu.

Ghala la Orrin halina dirisha. Mchana kweupe, ndani giza totoro na uvundo wa panya waliooza. Verlin akapapasa mpaka akaigusa injini, akafungua plagi yake moja, akaziba tundu kwa kidole gumba. Ndivyo tunavyopima wote: mmoja anazungusha injini kwa spana, mwingine anasikilizia msukumo wa hewa kidoleni.

Ikaanza kusukuma. Puu. Puu. Hewa ya moto, yenye unyevunyevu, inanuka nyama iliyoharibika.

"Bado ina nguvu, mzee!" Verlin akapaza sauti. "Zungusha polepole!"

"Nizungushe nini, kijana?" Orrin akajibu kutoka nje. "Spana yenyewe bado naitafuta."

Hewa ikageuka, ikaanza kufyonza. Kidole kikavutwa ndani mpaka kwenye kiungo, na kwenye chuma kukasikika kitu kinamung'unya. Verlin akakichomoa kwa nguvu, akatoka mbio.

Alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyooshea mkono. Vidole vinne vilikuwa vyeusi kwa grisi. Kidole gumba kilikuwa safi mpaka chini ya ukucha, na bado kilikuwa kinadondoka mate.