Modemu Iliyofungwa

Kila siku akitoka shule, Mchokonozi aliosha vyombo, akafagia chumba chao kimoja, kisha akaketi dirishani kumsubiri mama. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, maana hakuna redio wala kitasa kilichowahi kupona vidole vyake.

Siku hiyo alikuwa na kazi kubwa zaidi. Tangu wahamie ugenini, mama alikuwa akifua mashuka hotelini. Sasa alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya uuguzi, kazi aliyoisomea. Wakubwa wa hospitali ya mji wa mbali wangemhoji kesho asubuhi kwa kompyuta. Kompyuta mpakato walikuwa nayo, ila modemu waliyotoka nayo kwao ilikataa katakata mtandao wa huku, na modemu mpya bei zake hazishikiki. Mama akikosa usaili huo, basi, ni mashuka mpaka mkataba uishe, kisha kurudi kwao mikono mitupu.

Fundi mmoja wa simu, mtu wa kwao, alikuwa na modemu kuukuu ya bei nafuu. Mchokonozi akatumwa kuichukua.

"Hii itaelewana na kompyuta yenu," fundi alisema bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza. "Ila imefungwa. Mwambie mama aje jioni na kompyuta, niifungue."

Kuifungua tu! Mchokonozi alicheka moyoni. Mama atarudi amechoka hoi, halafu atembee tena mpaka dukani kwa sababu ya kifuniko? Alipofika nyumbani alichukua kisu cha mboga, akakichomeka kwenye ufa, akasukuma. Ka! Kifuniko kiliruka. Ndani, kipande chembamba kinachoshika laini kilikuwa kimevunjika. Alikirudisha kipande mahali pake, akafunika, akafuta alama za kisu kwa kitambaa.

"Fundi amesemaje?" mama aliuliza jioni.

"Amesema ni nzuri."

Asubuhi mama alivaa gauni lake la heshima, akachomeka modemu. Taa haikuwaka. Akachomoa, akachomeka tena. Wapi! Saa ya usaili ilikuwa inakaribia. Alikumbatia kompyuta, akamshika binti yake mkono, wakatoka mbio.

"Umeniuzia takataka!" mama alifoka dukani. "Mtu wa nyumbani, unanifanyia hivi?"

"Dada, taratibu. Nilisema imefungwa, uniletee niifungue."

"Hukusema! Mwongo mkubwa wewe!"

Wateja waligeuka kutazama. Uso ulimshuka fundi wa watu. Mchokonozi akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mtu mzima alikuwa anatukanwa kwa uongo ambao si wake.

"Mama, alisema," maneno yakamtoka. "Mimi ndiye sikukuambia. Niliifungua mwenyewe. Kwa kisu."

Fundi aliigeuza modemu, akaziona alama, akaangua kicheko.

"Kwa kisu! Mwanangu, imefungwa maana yake inakubali laini za kampuni moja tu. Hufunguliwa kwa namba za siri, unaziandika kwenye kompyuta." Papo hapo alichomoa modemu aliyokuwa akiitumia mwenyewe, akaichomeka kwenye kompyuta ya mama. "Kaa hapa, dada. Nyinyi wengine, kimya!"

Taa ikawaka. Mama alifuta jasho, na sura ya mkubwa wa kwanza ikatokea kwenye kioo.

Mchokonozi hakuthubutu hata kukohoa mpaka aliposikia, "Utaanza kazi mwezi ujao." Mama aliinuka, akamwomba fundi radhi mbele ya wateja wale wale. Kisha akamgeukia binti yake.

"Neno usipolielewa, uliza. Ukiharibu kitu, sema hapo hapo. Modemu inatengenezeka. Lakini huyu nimemwita mwongo mbele za watu. Jina lake ningelitengeneza kwa bisibisi gani?"

Mchokonozi alilia, akamwomba fundi msamaha. Fundi akamkabidhi kalamu na karatasi ngumu, akamwambia aandike tangazo la kubandika juu ya rafu ya modemu. Aliandika kwa herufi kubwa: ZIMEFUNGWA. ULIZA KWANZA.